Ungo Utazame Kusini

Januari ilikuja na bahasha yake,
na ndani ya bahasha, dola nane zaidi.
Waino aliisoma bili akiwa na miwani, kisha akaivua,
kana kwamba tarakimu zingepungua zikififia.
"Mia moja hamsini na mbili," alisema,
"na bado naonyeshwa watu wakiuza pete usiku wa manane."

Miaka kumi na tisa waya ule mweusi umeingia kwetu
kwa tundu alilolitoboa mwenyewe kando ya jiko la kuni,
tundu lipitishalo baridi na ugomvi wa watu tusiowajua.
Stesheni mia mbili na kumi.
Nilihesabu tunazozitazama kwa vidole vya mkono mmoja,
na kidole gumba hakikupata kazi.

Basi tukaamua kuachana na kebo.
Huku Rasi ya Juu ya Michigan
kuamua ni kitu kimoja, kuacha ni kingine.
Kati yake hupita theluji.

Kampuni za ungo zilikuwa mbili.
Ya kwanza ina hoki, mechi zote,
hata za timu zilizozoea kufungwa.
Ya pili ina filamu za zamani, hali ya hewa ya wilaya yetu,
na bei isiyotikisika kwa miaka miwili.
"Baada ya hapo," alisema kijana wa simu, "tutazungumza."
Namjua mtu anayesema tutazungumza.
Niliolewa naye.

Waino akachora jedwali nyuma ya kalenda ya duka la mbegu.
King'amuzi: bure. (Si bure.)
Kuvunja mkataba: dola ishirini kwa kila mwezi uliobaki.
Upepo, barafu, theluji: herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Hoki aliipigia mstari mara tatu.
Mimi sikupiga mstari popote. Niliteleka kahawa.

Jumanne akaja fundi, binti wa Marttila,
yule aliyekuwa akitambaa chini ya viti kanisani,
sasa ana ngazi yake na kidude cha kupimia mawimbi.
Alizunguka paa lote, akasimama, akafumba jicho moja.
"Setilaiti ya hoki iko kusini, chini kidogo," alituitia,
"na mbele yake kuna huu msonobari.
Ama ukatwe, ama mchukue ile nyingine:
inachungulia kati ya mti na dohani."

Tuliupanda mwaka aliozaliwa Aune,
mche usiofika urefu wa mwiko.
Aune yuko Tucson. Koleo la theluji
kalitundika ukutani kama pambo.
Hupiga simu Jumapili, Jumapili akikumbuka.

Waino akaingia gereji.
Nikausikia msumeno ukikohoa mara moja, mara mbili, ukawaka,
ukanguruma kitambo kirefu. Kisha kimya.
Mimi nilikuwa nakausha kikombe kilichokwisha kukauka.
Akatoka mikono mitupu.
"Hauna mafuta," alisema, akimtazama fundi, si mimi.
"Funga hiyo nyingine."

Sasa tuna ungo usiopepeta chochote,
pumba na punje vyote vinashuka pamoja,
na usiku wa mechi mume wangu hukaa gereji
na redio iliyofungwa antena kwa waya wa kuku.
Hurudi masikio mekundu. "Tumefungwa," husema,
akavua buti, akaomba supu.

Jana picha ilivunjikavunjika kama sahani.
Akatoka na ufagio mrefu, theluji ikimfika magotini,
akawa anaupangusa ungo, nami dirishani nampungia:
bado, bado, juu zaidi, hapo.
Mwanamume mwenye tai akarudi kwenye kioo,
akagusa wilaya yetu kwa kijiti: inchi tisa kufikia asubuhi.
Nilipogeuka kumwambia Waino,
tawi moja la msonobari lilikuwa limemmwagia mzigo wake wote
kofiani, mabegani, ndani ya kola.
Alikuwa amesimama palepale, ufagio mkononi,
hajipangusi.